Faili la /etc si lako, ni la mwenye mashine

Haya wadau, mnanisikia huko nyuma? Poa. Leo siongelei kukompaili, hiyo mnaiweza, naongelea vile vijifaili vya konfigi, mipangilio ya programu inayokaa kwenye folda ya /etc, ambavyo wewe mtengeneza pakeji ukivipuuza vinakuamsha saa nane usiku.

Chukua nginx, ile programu ya seva ya wavuti, kwenye Debian. Pakeji inakuja na /etc/nginx/nginx.conf, admini, yaani mwenye mashine, anaingia na vim anatoa worker_connections 768 anaweka 4096, maisha yanaendelea. Siku ya apgredi la nani libaki, lake au lako? dpkg, programu inayoinstoli pakeji za Debian, haibahatishi, ilishatunza md5 (alama ya kutambua yaliyomo) ya faili kama lilivyokuja na toleo la zamani, iko ndani ya /var/lib/dpkg/status, sasa inalinganisha na lililopo kwenye diski na hili jipya. Admini hajagusa, linaingia jipya kimya kimya. Kagusa yeye ila wewe hujabadilisha kitu, inaliacha kama lilivyo. Mmegusa wote wawili, hapo ndo inasimama inauliza, na ukigonga Enta tu jibu ni N, lake linabaki na la kwako linakaa pembeni kwa jina la nginx.conf.dpkg-dist. Tena hata akilifuta kabisa dpkg hairudishi, inahesabu kufuta nako ni uamuzi wake, na hapa wengi huwa wanahangaika kurudia kuinstoli wakidhani faili litarudi.

Ukitumia debhelper, zana za kujengea pakeji za Debian, huna hata haja ya kuorodhesha, chochote ulichokiweka chini ya /etc kinahesabika chenyewe kuwa conffile, yaani faili la konfigi ambalo dpkg inalilinda namna hiyo. Na ndo hapo nilipojichanganya mimi. Nilijenga pakeji ya ndani kazini, kwenye postinst (skripti inayokimbia baada ya kuinstoli) nikatupia sed, amri ya kubadilisha maandishi, ijaze jina la mashine ndani ya faili hilohilo la /etc, nikajiona fundi kweli. Toleo la pili nikarekebisha mstari mmoja wa komenti, komenti jamani! Apgredi ilikuwa kwenye kroni, ratiba ya kazi za kujiendesha, usiku, dpkg inaona md5 haifanani, inajua admini kagusa kumbe nimegusa mwenyewe, inauliza Y au N na hakuna binadamu wa kujibu, ikafeli, seva zote pakeji imebaki nusunusu. Halafu sera ya Debian inakataza wazi skripti za pakeji kugusa conffile, mi sikuwa nimesoma. Kama faili lazima lizalishwe na skripti basi lisiwe conffile, lizalishe pembeni ulikabidhi kwa ucf, zana inayomuuliza admini kama dpkg inavyofanya kwa conffile.

Kwa watu wa Fedora, mnaotumia rpm badala ya dpkg, haraka haraka: kwenye spec ya pakeji, mbele ya faili la konfigi, andikeni %config(noreplace). Ukiandika %config tupu na wote mmebadilisha, la kwako ndo linakaa na la admini linasukumwa kwenye .rpmsave, seva inawaka na mipangilio ambayo hakuichagua. Ukiweka noreplace la kwako linakuwa .rpmnew. Mi binafsi sijaona sababu ya kuacha hilo neno kwenye seva.

Kuna kaka hapa ananiuliza mbona katoa pakeji kwa apt remove na dpkg -l bado inamwonyesha rc. Hiyo c ni konfigi, zimebaki kwa makusudi usije ukajutia, ukitaka ziondoke piga purge. Ila lile faili lililozalishwa na skripti yako dpkg hailijui kabisa, hilo postrm yako (skripti ya wakati wa kuondoa pakeji) ndo ilifute.