Walianza kwa kuomba: miaka ya mwanzo ya uasi wa Waholanzi

Haya, asanteni kwa kunisubiri, najua wengine mnawahi gari kwa hiyo naingia moja kwa moja. Wengi tumesikia juu juu kwamba Waholanzi waliamka wakamtimua Mhispania wakapata nchi yao, basi. Mi historia hii nimekaa nayo muda mrefu na kila nikiirudia naona kitu kilekile, hawa watu walianza kwa kuomba. Waliomba, wakaomba tena, na aliyekuwa anaombwa hakusikia.

Kwanza tuelewane, wakati huo hakuna nchi inaitwa Uholanzi. Kuna majimbo 17, ukiyaweka pamoja unapata Uholanzi ya leo, Ubelgiji, Luxemburg na kipande cha kaskazini mwa Ufaransa, kila jimbo lina baraza lake na sheria zake, kinachowaunganisha ni kuwa na bwana mmoja tu. Bwana huyo alikuwa Charles V, mzaliwa wa hukohuko, Ghent. Oktoba 1555 akang'atuka pale Brussels, mgonjwa hata kusimama shida, ameegemea bega la kabaila kijana wa miaka 22 anaitwa Willem wa Orange. Hilo bega mlikumbuke. Majimbo akamwachia mwanae Philip II, ndo huyo mfalme wa Hispania, na huyu mwaka 1559 akapanda meli kwenda Hispania, hakukanyaga tena huko, akamwacha dada yake wa baba mmoja, Margaret wa Parma, awe gavana.

Sasa shida ikawa dini. Sheria ilisema Mprotestanti ni mzushi na mzushi adhabu yake kifo, na mahakimu wengi wa miji, Wakatoliki wenyewe jamani, walishachoka kuwaua majirani zao. Juu ya hapo njaa. Miji ile ilikula nafaka ya Bahari ya Baltiki, Denmark na Sweden wako vitani, njia ya meli ikafungwa, kwa hiyo majira ya baridi ya 1565 kuingia 1566 mkate ukapanda bei vibaya sana.

Tarehe 5 Aprili 1566 makabaila kama 200 wakaingia kwa Margaret na ombi la maandishi, punguza makali ya hizi sheria. Ombi tu, wala hawakumkana mfalme. Inasimuliwa kwamba mshauri wake mmoja, Berlaymont, akamnong'oneza, mama unawaogopaje hawa ombaomba? Na wao badala ya kuona aibu wakalichukua hilo neno, siku chache baadae kwenye karamu kiongozi wao Brederode akainua bakuli la ombaomba wakanywa nalo, wakapiga kelele waishi ombaomba! Kwetu hili linaingia kirahisi kwa sababu ombi na ombaomba ni mzizi mmoja, ukienda na ombi mara ya kwanza we ni raia, ukirudia sana unaitwa ombaomba.

Agosti mwaka huohuo ndo ikaja Waprotestanti kuvunja sanamu za makanisani. Ilianzia Steenvoorde tarehe 10, baada ya mahubiri ya uwanjani, tarehe 20 imeshafika Antwerp, sanamu, madirisha, vitabu, mamia ya makanisa yaliguswa. Mi siwezi kulipamba hili, Mkatoliki wa kawaida aliyeamka akakuta kanisa alilobatiziwa limebomolewa ndani aliumia, na makabaila wengi wakarudi upande wa mfalme palepale. Willem mwenyewe hakulipenda. Ndani ya miezi michache Margaret alishatuliza nchi.

Na hapa ndo penye uchungu wangu, maana nchi imetulia halafu Philip anatuma jeshi! Agosti 1567 jemadari wake, Dyuki wa Alba, akaingia Brussels na askari kama 10,000, wametembea toka Italia wamevuka milima ya Alps. Akaunda mahakama ambayo watu waliita Baraza la Damu, zaidi ya watu 1,000 wakauawa, maelfu wakahukumiwa wakiwa wameshakimbia. Juni 1568 akawakata vichwa makabaila wakubwa wawili, Egmont na Horne, uwanjani Brussels. Egmont huyo ni Mkatoliki, alimshindia Philip vita dhidi ya Wafaransa pale Gravelines mwaka 1558. Ukimuua mtu kama yule, wale wa katikati wanabaki na nani?

Willem alishakimbilia Ujerumani, akaleta majeshi 1568, akashindwa, hela ikamuishia. Kilichowaamsha hata waoga ni kodi. Alba alitaka asilimia 10 kwenye kila bidhaa inayouzwa, na sio kama VAT ya leo, hii inalipwa upya kila mali ikibadilisha mikono, pamba ikiwa uzi unalipa, uzi ukiwa kitambaa unalipa, kitambaa kikienda dukani unalipa tena. Wenye maduka Brussels wakafunga milango.

Sasa kulikuwa na ombaomba wa baharini, wakimbizi na maharamia waliojificha bandari za Uingereza, mapema 1572 malkia Elizabeth akawafukuza. Hawana pa kwenda, tarehe 1 Aprili wakatokea mji wa bandari wa Brielle na meli kama 25, wakakuta askari wa Hispania hawapo, wakavunja lango wakaingia. Siku tano baadae Vlissingen nao wakaasi, kisha mji baada ya mji kwenye majimbo mawili, Holland na Zeeland. Hawakuwa malaika, Julai hapohapo Brielle walinyonga mapadri na watawa 19, kosa lao ni imani yao.

Mwezi huohuo wajumbe wa miji ya Holland wakakaa Dordrecht, wakamkubali Willem kama kiongozi wao, kijana wa lile bega. Na cheo walichompa ni mwakilishi wa mfalme. Wa Philip! Wako vitani na jeshi lake na bado wanatawala kwa jina lake, ilichukua mpaka Julai 1581 ndo wakaandika kwamba huyu sio bwana wetu tena. Miaka 15 toka lile ombi la kwanza.

Haya, maswali, anzia wewe hapo mbele dada.