Klabu Iliyohamishwa na Watu Waliobaki

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja, na asanteni zaidi kwa kukubali kukaa jioni nzima mkisikiliza habari za timu ambayo wengi wenu hamjawahi kuitazama hata mara moja. Tukitaja soka la Uingereza huwa tunamaanisha Arsenal, Liverpool, Manchester United, Chelsea. Leo naomba tushuke madaraja kadhaa tufike kwa AFC Wimbledon, kusini-magharibi mwa London. Tumebishana miaka na miaka kuhusu Simba na Yanga, hisa asilimia 51 za wanachama na 49 za wawekezaji, na chini ya ubishi huo kuna swali moja: klabu ni ya nani? Watu wa Wimbledon walilazimika kulijibu kwa vitendo.

Mwaka 1889 vijana waliosoma shule moja ya pale Wimbledon waliunda timu, wakaiita Wimbledon Old Centrals. Walichezea Wimbledon Common, uwanda wa wazi wenye nyasi na miti, wa watu wote. Mwaka 1912 wakapata makao katika barabara iitwayo Plough Lane. Walikuwa timu ya ridhaa, na walijua kucheza: fainali ya Kombe la Ridhaa mwaka 1963 waliifunga Sutton United 4-2, na mabao yote manne yalitiwa kwa kichwa na mtu mmoja, Eddie Reynolds. Mwaka 1975, wakiwa bado hawajaingia kwenye madaraja manne ya juu ya ligi, waliitoa Burnley ya daraja la kwanza nyumbani kwake katika Kombe la FA, kisha wakaenda kwa Leeds, bingwa wa nchi. Kipa Dickie Guy akaidaka penalti ya Peter Lorimer, mechi ikaisha bila bao. Walitolewa kwenye marudiano, lakini jina lilishasikika.

Ligi iliwapokea mwaka 1977, na mwaka 1986 walikuwa tayari wamepanda daraja la kwanza. Mei 1988 wakaifunga Liverpool 1-0 katika fainali ya Kombe la FA pale Wembley. Bao ni la kichwa cha Lawrie Sanchez, na Dave Beasant akaokoa penalti ya John Aldridge, penalti ya kwanza kuokolewa katika fainali ya kombe hilo pale Wembley.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na chanzo hakikuwa uwanjani. Baada ya maafa ya uwanja wa Hillsborough mwaka 1989, mashabiki wengi walipokufa kwa msongamano, ripoti ya Jaji Taylor ilitaka viwanja vya timu kubwa viwe vya kukaa vitini. Plough Lane ilikuwa ndogo na kuukuu. Mwaka 1991 klabu ikahama, ikawa mpangaji wa Crystal Palace kule Selhurst Park. Ilisemwa ni kwa muda. Kiwanja chao wenyewe kikauzwa, na wamiliki wakaanza kutafuta mji mwingine wa kuipeleka timu.

Tarehe 28 Mei 2002 kamati ya watu watatu iliyoteuliwa na FA, chama cha soka cha England, iliamua, kura mbili kwa moja, kwamba timu iruhusiwe kuhamia Milton Keynes, kiasi cha kilomita 90 kutoka London. Mashabiki walikuwa wamesema kwamba ikibidi wataanza upya kutoka chini kabisa. Kamati ikaandika kwamba kuifufua klabu kutoka majivuni namna hiyo si kwa masilahi mapana ya soka. Nimeisoma hukumu hiyo mara nyingi na bado inaniuma. Watu waliosimama mvuani miaka nenda miaka rudi waliambiwa kwamba uamuzi wao hauna faida kwa mchezo wanaoubeba.

Hawakungoja. Kris Stewart, aliyekuja kuwa mwenyekiti wao wa kwanza, aliwaambia wenzake waliochoshwa na maandamano kwamba yeye anataka tu kwenda kutazama mpira. Wakaunda klabu mpya, ndiyo hii AFC Wimbledon, mali ya wanachama, kila mwanachama kura moja. Mwezi haujapita wakatangaza majaribio ya wachezaji. Na wakayafanyia wapi? Wimbledon Common, palepale walipoanzia wale vijana wa 1889. Walijitokeza watu wapatao 230, kila mmoja na viatu vyake, wakagawanywa makundi, wakacheza mechi fupi fupi makocha wakiandika majina. Mimi kila nikifika hapa huona ndiyo siku kubwa kuliko hata ile ya Wembley.

Mechi ya kwanza ilikuwa ya kirafiki, tarehe 10 Julai 2002, kwa Sutton United. Walifungwa 4-0. Waliofika kuwatazama ni watu 4,657, na ilibidi mpira uchelewe kuanza ili foleni iishe.

Waliingizwa daraja la tisa. Kati ya Februari 2003 na Desemba 2004 walicheza mechi 78 za ligi bila kupoteza hata moja, rekodi ya soka la wakubwa England. Walipanda daraja mara tano katika misimu tisa. Mei 2011, mjini Manchester, waliitoa Luton Town kwa mikwaju ya penalti, na nahodha Danny Kedwell ndiye aliyepiga ule wa mwisho uliowarudisha kwenye madaraja manne ya ligi. Mwaka 2016 wakapanda tena, Adebayo Akinfenwa akifunga penalti Wembley dakika za mwishoni kabisa dhidi ya Plymouth.

Ile timu iliyohamishwa sasa inaitwa Milton Keynes Dons. Mwaka 2007 makombe na kumbukumbu za Wimbledon ya zamani zilirudishwa kwa halmashauri ya Merton, wilaya ambamo Wimbledon imo. Nadhani hilo lilikuwa jambo la haki, na wale waliolikubali upande wa pili wanastahili kutajwa.

Lakini nyumbani hawakuwa wamefika. Walikuwa wakichezea Kingsmeadow, Kingston, uwanja ambao baadaye waliuuza kwa Chelsea, na ndiko walikokuja kuchezea wanawake wa Chelsea. Wakapata ardhi Plough Lane, hatua chache kutoka ule uwanja wa kale. Ujenzi ukapungukiwa fedha. Njia rahisi ilikuwa kuuza hisa kwa tajiri. Badala yake, mwanzoni mwa mwaka 2020, walitoa hatifungani: unaikopesha klabu yako, unataja mwenyewe riba unayotaka, hata sifuri. Zilipatikana zaidi ya pauni milioni 5.

Uwanja ulifunguliwa tarehe 3 Novemba 2020 kwa mechi ya ligi dhidi ya Doncaster Rovers, sare ya 2-2. Walikuwa wameondoka Plough Lane miaka 29 nyuma. Na kwa sababu ya korona, usiku ule viti vyote vilikuwa vitupu. Wenye uwanja waliitazama timu yao ikirudi nyumbani wakiwa wamekaa sebuleni mwao, kwenye skrini.