Kipya Kinyemi, Halafu?

Ndugu zangu, habari za jioni. Kabla sijasema lolote, kila mmoja aikumbuke simu aliyokuwa nayo kabla ya hii. Halafu ile iliyoitangulia. Halafu ya nyuma yake tena. Hiyo ya tatu ilikuwa na rangi gani? Mnacheka. Haya, nani anakumbuka safari yake ya kwanza ya usiku kucha? Mikono hiyo! Na wala sikuuliza kama ilikuwa ya starehe; nina hakika wengine wenu gari liliwaharibikia njiani.

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hii tunaitumia kuwacheka wapenda vipya, lakini isikilizeni vizuri: unyemi umo katika upya, haumo katika kitu chenyewe. Upya ukishachuja, kochi lililokukosesha usingizi kabla hujalinunua linakuwa mahali pa kutupia nguo.

Mwaka 1978, mwanasaikolojia Philip Brickman na wenzake wawili wa Marekani waliwahoji watu 22 walioshinda bahati nasibu. Furaha yao haikuwa imepishana sana na ya watu wa maeneo yaleyale ambao hawakushinda chochote. Tena mambo madogo ya kila siku, kama kuzungumza na rafiki, yaliwapa raha pungufu kuliko wenzao. Watu 22 ni wachache, sitajenga ghorofa juu yao. Ila mazoea wanayotuonyesha kila mmoja wetu ameyaonja.

Mwaka 2003, wanasaikolojia wengine wawili, Leaf Van Boven na Thomas Gilovich, waliuliza swali lililo karibu zaidi na mfuko wako: fedha uliyotumia ili upate kitu, na ile uliyotumia ili ufanye jambo, ipi ilikufurahisha zaidi? Wengi walielekea kwenye kufanya. Kwa nini, ilhali kitu kinabaki na jambo linapita? Kwanza, kitu kina jirani yake: ukinunua runinga, siku ya pili unaiona kubwa zaidi kwa mwenzako, na yako inasinyaa ukutani. Matembezi yako na mama yako utayapima na ya nani? Pili, na hapa ndipo penye utamu, jambo lililopita huendelea kukua mdomoni. Mvua iliyowanyeshea siku ile ilikuwa karaha tupu. Mkiisimulia mara ya kumi mnashika mbavu. Sijawahi kusikia watu wakisimuliana kabati.

Lakini nisiwadanganye. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba tofauti hii haiwahusu sawasawa watu wa vipato vyote. Kwa wenye kipato kidogo, vitu viliwafurahisha sawa na matukio, wakati mwingine zaidi. Mimi sishangai. Mtu ambaye paa lake linavuja, ukimhubiria habari za kukusanya kumbukumbu unamtukana. Atengeneze paa. Na yule anayepanda mlima ili apige picha tu ashuke, huyo naye amenunua kitu, hata kama hakukibeba.

Juzi kijana mmoja aliniuliza: baiskeli tuiweke kundi gani? Swali zuri, lilininyima jibu la haraka. Ukiing'arisha na kuifungia ndani, ni kitu. Ukiipanda, sijui.

Yangu ya kwanza iliibwa, na leo siwezi kukwambia hata ilikuwa ya aina gani. Ninachokumbuka ni kaka yangu akikimbia nyuma yangu ameshika kiti, mimi nampigia kelele asiniachie, asiniachie kabisa, kisha nageuka namwona yuko mbali kule, amesimama, mikono kiunoni, anacheka.

Haya, karibuni maswali.