Nahodha na Wenzake: Mabingwa wa Kalingi ya Wanawake wa Saskatchewan

Mabibi na mabwana, nashukuru kwa kunikaribisha. Mada ya jioni hii ni mashindano ya kalingi (curling), mchezo wa kusukuma mawe juu ya barafu, ya wanawake wa jimbo la Saskatchewan, magharibi mwa Kanada, ambayo mshindi wake ndiye huliwakilisha jimbo katika ubingwa wa taifa. Orodha ya washindi hao huandikwa kwa mtindo mmoja: mwaka, na ubavuni mwake jina la nahodha. Nakusudia kuonyesha kwamba orodha ya namna hiyo inaficha mengi.

Kwanza mchezo wenyewe. Kila timu ina wachezaji wanne, na katika kila duru kila mmoja husukuma mawe mawili ya matale, yenye uzito unaokaribia kilo 20, juu ya barafu iliyonyunyiziwa matone ya maji yakaganda na kuwa vipele vidogo. Nahodha husimama ng'ambo ya pili, kwenye duara, akionyesha kwa ufagio mahali pa kulenga, huku wachezaji wawili wakilitangulia jiwe na kufagia mbele yake ili lisipunguze mwendo wala kupinda mapema. Pointi hupatikana kwa mawe yaliyo karibu zaidi na kitovu cha duara kuliko ya wapinzani. Hata jiwe la nahodha mwenyewe hutegemea mafagio ya wenzake.

Mwaka 1961, mjini Ottawa, Joyce McKee aliiongoza Saskatchewan kutwaa ubingwa wa kwanza wa taifa wa wanawake, na mwaka 1969 akautwaa tena. Katika kikosi cha 1969 alikuwamo Vera Pezer, chini ya unahodha wake. Miaka miwili baadaye mambo yamegeuka: Pezer ndiye nahodha, na McKee, bingwa mara mbili, anacheza nafasi ya pili, yaani wa pili kusukuma mawe katika timu, na kufagia anapoamriwa. Wakashinda taifa mwaka 1971, 1972 na 1973. Anayesoma orodha peke yake atadhani McKee alikwisha kustaafu, kumbe yumo uwanjani, ufagio mkononi. Nakiri kwamba katika historia yote ya jimbo hili hakuna kinachonivutia kuliko hicho, kwani sote tumeona timu za mpira, na hata kwaya, zikisambaratika kwa sababu aliyewahi kuongoza hakukubali kuongozwa.

Baada yao alikuja Marj Mitchell, ambaye mwaka 1980 aliiongoza timu yake kutwaa ubingwa wa dunia mjini Perth, Uskoti, wa kwanza kwa wanawake wa Kanada. Saratani ilimchukua mwaka 1983.

Jina linalojulikana zaidi ni la Sandra Schmirler, mzaliwa wa Biggar. Yeye pamoja na Jan Betker, Joan McCusker na Marcia Gudereit walishinda taifa na dunia mwaka 1993, 1994 na 1997. Mwishoni mwa 1997, katika mchujo wa kuchagua timu ya Kanada ya Olimpiki, mjini Brandon, Schmirler akiwa na mtoto mchanga wa miezi miwili hivi, walikutana fainali na timu ya Shannon Kleibrink. Katika duru ya saba Schmirler aliachia jiwe lililogonga jiwe la pembeni, likageuza njia kuelekea ndani, likalitoa jiwe la wapinzani, naye akapata pointi tatu kwa mpigo. Mchezo uliisha 9 kwa 6. Mwezi Februari 1998 walitwaa nchini Japani dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya kalingi ya wanawake, wakiishinda Denmark katika fainali. Schmirler alifariki kwa saratani tarehe 2 Machi 2000, akiwa na umri wa miaka 36, na mazishi yake yakaonyeshwa kwenye televisheni ya Kanada, heshima ambayo wanamichezo wachache sana hupewa.

Tangu ushindi wa 1997, jimbo lilikaa miaka 14 bila ubingwa wa taifa. Mwaka 2011, mjini Charlottetown, Amber Holland alimshinda katika fainali Jennifer Jones, nahodha wa Timu ya Kanada, aliyekuwa ametwaa ubingwa huo miaka mitatu mfululizo. Kwenye orodha mtasoma Holland. Waliocheza pamoja naye, Kim Schneider, Tammy Schneider na Heather Kalenchuk, mtawakuta kwenye maandishi madogo, mkiwatafuta.