Tishu Mbili za Ngozi na Mtoto Aliyemwagikiwa Chai

Wazazi, walimu, na ninyi wahudumu wa afya ya jamii mliotoka Manyatta, Nyalenda na Dunga, karibuni. Nimeombwa nizungumzie aina nne za tishu: zinazofunika, zinazounganisha, za misuli na za neva. Nitakaa zaidi kwenye ngozi. Ngozi ni tishu mbili zilizolaliana, na kutolijua hilo kunawalemaza watoto mikono kila sufuria inapopinduka jikoni.

Tabaka la juu ni epithelia, yaani tishu inayofunika. Seli zake zimebanana, safu juu ya safu, na sehemu nyingi za mwili unene wake ni kama milimita 0.1 tu. Linazuia maji ya mwili yasitoke na vijidudu visiingie. Halina hata mshipa mmoja wa damu. Chakula chake hupenya kutoka chini. Seli mpya huzaliwa kwenye safu ya chini kabisa, hupanda, hufa, huambuka, yote hayo kwa wiki 4 hivi.

Chini yake ipo tishu unganishi: nyuzi za protini ziitwazo kolajeni, mishipa ya damu, neva. Humo ndimo mizizi ya vinyweleo na tezi za jasho zilimozama. Sasa nisikilizeni vizuri. Kuta za mashimo hayo ya vinyweleo zimejengwa kwa epithelia ile ile ya juu! Moto ukiteketeza tabaka lote la juu lakini ukaziacha seli hizo zilizozama, zitatambaa kutoka kila shimo, zikutane, zifunike kidonda. Jeraha la namna hiyo likitunzwa hupona kwa wiki 2 au 3. Seli hizo nazo zikifa, ngozi mpya haina pa kuanzia ila kingoni. Mwili hujaza pengo kwa kolajeni, kovu linakaza, kiwiko hakinyooki tena, vidole vinajikunja kiganjani.

Na joto halikomi ukishaipangusa chai. Limeshaingia ngozini na linazidi kushuka kwenye seli hizo tunazozihitaji. Hapo ndipo mtu anakimbilia dawa ya meno, unga wa ngano, yai bichi. Jamani! Najua mtakachosema: dawa ya meno inapoza, mtoto hunyamaza. Inachopoza ni hisia. Mentholi iliyomo huamsha neva zinazotambua baridi, lakini joto lililo ndani liko pale pale. Unga nao hugandamana na kidonda, na wakati wa kuuondoa unabanduka na seli zile zile ambazo zingekiponya. Yai bichi linaweza kupanda bakteria kwenye kidonda kisicho na kinga.

Maji. Maji ya kawaida ya mfereji, yakitiririka juu ya jeraha kwa dakika 20. Si dakika 2. Mvue mtoto nguo iliyolowa chai, bangili na pete kabla hajavimba. Nguo iliyoganda kwenye ngozi iache. Mwagia palipoungua tu, na mwili uliobaki ufunike apate joto, maana mtoto mdogo hupoa haraka. Barafu usiweke: inabana mishipa ya damu na kuinyima chakula ngozi iliyojeruhiwa. Mkiwa mmechelewa, fanyeni tu. Maji yanasaidia hata ndani ya saa 3 tangu kuungua. Mtaniambia mfereji umekauka tangu asubuhi. Basi chukua kitambaa safi, kiloweshe kwa maji ya jerikeni, kiweke juu, kibadilishe kila dakika moja au mbili kabla hakijashika joto. Kisha funika kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Malengelenge msiyatoboe.

Kosa jingine linaloniumiza ni hili: “Halii sana, kwa hivyo hajaungua sana.” Palipoungua pakiwa peupe au pagumu kama ngozi iliyokaushwa, na mtoto hasikii ukigusa, miisho ya neva imeungua pamoja na tishu unganishi. Huyo ni wa hospitali leo, si kesho. Vivyo hivyo aliyeungua uso, mikono, sehemu za siri au kwenye kiungo. Pimeni ukubwa kwa kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole: ni kama asilimia 1 ya ngozi yake. Vikifika viganja 10, anapoteza maji mengi kupitia kidonda na anahitaji dripu. Ulizeni pia chanjo ya pepopunda.

Wanaokaanga samaki, mafuta yenu ni hatari kupita chai. Maji hapa Kisumu huchemka karibu nyuzi 96. Mafuta ya kukaangia hupita 160.

Muda unakwisha, kwa hiyo misuli na neva nitazipitia mbio. Misuli ya mifupa hujitengeneza kiasi. Ya moyo karibu haijirudishi, ndiyo maana mshtuko wa moyo huacha kovu. Neva iliyokatika mkononi, ikiunganishwa, hukua karibu milimita 1 kwa siku. Ya uti wa mgongo kwa kawaida haikui tena.

Leteni jagi na beseni hapo mbele. Mmoja ashike saa, mwingine amwage maji polepole mkononi, na asiache hadi dakika 20 ziishe.