Ndege ya Kujengea Nyumbani: Tuanze na Mahali pa Kutua
(Mhadhara kwa vijana wa ufundi, Mtwara)

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa niseme ni ndege gani ndogo mtu anaweza kuijenga nyumbani hapa kwetu. Kabla sijasimama nimeonyeshwa kwenye simu ile inayopendwa na wengi wenu: Long-EZ, kazi ya Mmarekani Burt Rutan, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1979. Bawa dogo liko puani, propela iko nyuma. Nzuri kweli, hata mimi naipenda. Lakini hebu tuishushe kwenye kiwanja cha changarawe. Magurudumu yanarusha kokoto nyuma, na nyuma ndiko iliko propela. Kisha inatua kwa kasi, inataka lami ndefu. Mwili wake ni sponji ngumu iliyofunikwa kwa faiba na gundi iitwayo epoksi, na epoksi hulegea ikichemka juani, ndiyo maana ndege za aina hiyo hupakwa nyeupe. Kuna kijana hapa ameshaniambia yake ataipaka nyekundu ya Simba. Jua la Mtwara la mwezi wa kumi na moja unalijua, mwanangu?

Mimi huanza na swali moja: injini ikizimika, utatua wapi? Ukitoka hapa kuelekea Masasi, chini yako ni mikorosho na mashamba ya watu. Hapo kinachokuokoa ni kasi ndogo ya kutua. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu ya kishindo inakuwa mara nne. Hiyo ni fizikia ya sekondari, haibembelezeki. Ndiyo sababu mchoro ninaoupendekeza ni Zenith CH 701, wa mhandisi Chris Heintz. Sura yake haivutii, nakubali. Lakini bawa lake linaendelea kubeba ndege hadi kasi ishuke karibu kilomita 48 kwa saa, na kiwanja kifupi cha nyasi kinaitosha.

Najua mafundi wa Mikindani mtauliza kuhusu mbao. Ndege za mbao zipo, na ni nzuri. Pietenpol Air Camper ilichorwa Marekani miaka ya 1920 mwishoni, ikaruka kwa injini ya gari la Ford. Tatizo ni mbao yenyewe. Michoro mingi ya namna hiyo inataka sprusi, mti wa nchi za baridi, mwepesi na wenye nyuzi zilizonyooka. Mpingo wetu ukiutia majini unazama. Uacheni kwa wachongaji. Mninga nao ni mzito kuliko sprusi, na ukibadilisha mbao, hesabu zote za mchoraji zinaanza upya. Fundi wa jahazi huweza kujenga kwa jicho na chombo kikaelea. Ndege uzito ukisogea nyuma kidogo tu kupita alama iliyowekwa, rubani hataweza kuinyoosha.

Alumini basi. Si ile ya bati la kuezekea, tafadhali. CH 701 inatumia aina iitwayo 6061-T6, ambayo inastahimili chumvi kuliko aina ya 2024 inayotumika kwenye ndege nyingi za kasi. Kwetu hilo ni jambo kubwa, maana upepo wa bahari unaingia hadi sebuleni. Hata hivyo paka praima, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ndani ya kila kiungo kabla ya kukifunga. Ukishafunga, hutafika tena. Karatasi za bati hilo zinaunganishwa kwa ribiti za kuvuta, zinazofungwa kutoka upande mmoja tu, kwa hiyo hata ukiwa peke yako kazi inakwenda.

Kuna jambo la kuchagua mchoro ambao watu wamesharuka nao miaka mingi. Mfaransa Henri Mignet alirusha ndege yake ndogo HM.14 mwaka 1933, akachapisha namna ya kuijenga. Watu wakaijenga kwa wingi Ulaya, kila mtu na banda lake. Wakaanza kufa. Mwaka 1936 ilipopimwa kwenye handaki la upepo, chumba cha kupulizia ndege hewa ya kasi, ikaonekana kwamba mabawa yake mawili, la mbele na la nyuma, yakikaribiana mno kwenye mteremko mkali, ndege inakataa kuinua pua. Mignet mwenyewe alikuwa ameruka nayo salama. Kwa hiyo mtu akikuletea mchoro mpya na kukuambia yeye ameuruka, muulize wengine wangapi wameuruka.

Kibali msikiache mwishoni. Nendeni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, kabla ya kukata bati la kwanza, wawaambie watataka kukagua nini na lini.

Naona mkono kule nyuma. Injini ya bodaboda? Pikipiki ya sisi 150 inatoa nguvu za farasi kama 12. Cri-Cri ya Michel Colomban, ndege ya mtu mmoja yenye uzito wa kilo kama 78 tu ikiwa tupu, inaruka kwa injini mbili ndogo, za farasi 15 kila moja. CH 701 huchukua injini ya Rotax 912 ya farasi 80, na hiyo inakubali petroli ya magari. Ndiyo, injini ni ghali, inaweza kuwa ghali kuliko bati lote. Kwa hiyo usiinunue kwanza. Anza na usukani wa mkia, ni kipande kidogo, meza moja inatosha. Ukiumaliza ndipo tuzungumze bawa. Na pimeni upana wa mlango wa karakana leo hii.