Usiulize kapata kwa nani, uliza kapata lini

Nimeshasema sana na leo nasema tena, kwenye homa ya ini B swali la maana ni ulivipata virusi ukiwa na umri gani. Kichanga akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, kati ya 100 kama 90 hivi watabaki navyo maisha. Mtu mzima mwenye afya yake hata 5 kati ya 100 hawafiki, waliobaki kinga inavifukuza, kwa kawaida ndani ya miezi 6. Virusi ni vilevile jamani! Kinga ya kichanga haijajua nani adui, inaishi navyo kama ndugu wa nyumbani.

Kuna baba mmoja wa miaka hamsini na kitu, alienda kuchangia damu akaambiwa ana virusi, karudi nyumbani kamwambia mkewe, usiku uleule mama kafunga mizigo na ukoo mzima ukajua baba fulani mhuni. Nikasema leteni watu wote wapimwe. Mke hana. Mama mzazi, bibi wa watu, anavyo. Dada anavyo, mdogo wake anavyo. Yani huyu baba alivipata utotoni, kwa mama wakati anazaliwa au kwa ndugu zake wakicheza na vidonda vyao, kakaa navyo miaka yote hiyo hajaumwa hata siku moja, halafu anahukumiwa kwa mambo ya juzi!

Najua kuna mtu hapo anasema kwani ngono haiambukizi? Inaambukiza, na sindano iliyotumika, na wembe wa kuchangia, nani kakataa? Ila kuambukizwa ni kimoja na kubaki mbebaji, yani virusi vikakaa mwilini moja kwa moja, ni kingine, na hata sisi wahudumu wa afya tunachanganya, hapo ndo huwa napandisha sauti, manake mgonjwa anaondoka na aibu badala ya maelezo.

Mengine haraka haraka, muda unanibana. Wanaume wanabaki wabebaji zaidi ya wanawake na saratani ya ini inawapata zaidi. Mwenye VVU au anayesafishwa damu kwa mashine, kinga iko chini, anaweza kubaki navyo hata kama kavipata ukubwani. Pombe haikufanyi mbebaji ila inaliwahisha ini kuharibika.

Yule mke alirudi, kachanjwa dozi zote 3. Na binti wa yule dada alikuwa mjamzito, kupimwa naye anavyo, mtoto kachomwa chanjo na sindano ya kingamwili, yani kinga iliyo tayari, siku ileile aliyozaliwa, kamaliza na dozi zake nyingine. Alipotimiza mwaka tukampima. Hana.